Njia ya Bibi Mazingira

Vijana wangu mnaoanza kazi ya mazingira, wiki iliyopita mliniita kwenye semina, mkanikalisha kiti cha mbele chenye kitambaa, mkanipa maji ya chupa, kisha mkanionyesha jedwali. Lilikuwa na rangi tatu. Nyekundu ni miradi inayotathminiwa na taifa, njano ni ya kanda na mkoa, kijani ni ya halmashauri. Mtoa mada akasema sasa mambo yamenyooka, kila ngazi inajua lililo lake, hakuna tena kuingiliana. Mkapiga makofi. Halafu kijana mmoja mwenye shati la bluu akasimama kunishukuru, akasema nimefanya makubwa mpaka kuna kijiji wameipa njia jina langu. Mkapiga makofi zaidi.

Mimi sikupiga. Nadhani mlidhani ni unyenyekevu wa kizee. Ilikuwa hasira, na chini ya hasira kulikuwa na aibu. Kwa kuwa nilipewa dakika tano tu za "kusema neno", nimeona nikae hapa nyumbani kwangu mtaa wa Ng'ambo niwaandikie yale ambayo dakika tano hazikutosha.

Jedwali hilo nimeliona mara nyingi kuliko nilivyoona harusi. Nimeliona likiwa halina rangi, mistari tu ya taipureta. Nimeliona likiwa na rangi mbili. Kila baada ya muda wanakuja watu kutoka juu kutugawia upya majukumu ya tathmini ya athari kwa mazingira. Wakikasimu madaraka, wanatuletea kazi na kubaki na gari. Wakiyarudisha kwao, wanachukua kalamu na kutuachia lawama. Kati ya kukasimu na kurudisha kuna semina, na kwenye semina kuna sambusa. Sijawahi kuhudhuria hata moja ambayo mtu aliuliza mvua ikinyesha huwa inafuata rangi ipi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kapaya. Hakuwa na shahada. Alikuwa msimamizi wa mafundi wa visima, Mmoraviani wa kutoka upande wa Sikonge, mtu wa kofia moja na baiskeli moja. Nilipangiwa kwake nikiwa msichana niliyetoka chuoni na cheti kinachonukia wino, nikiamini ardhi ni kitu cha kusomwa kwenye ramani. Siku ya kwanza akanipeleka mbugani. Niwaeleze mliotoka Dar: mbuga ya huku kwetu si ile ya simba na watalii. Ni bonde pana la udongo mweusi, tambarare tupu. Kiangazi linapasuka nyufa za kumeza mguu, na mvua zikikolea linajaa maji ya kufika magotini. Tulikwenda mwezi wa nane. Nikaandika kwenye daftari langu: "Eneo ni kavu, tambarare, halina chanzo cha maji." Kapaya akasoma, akacheka mpaka akakaa chini.

Alipomaliza kucheka akanionyesha wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo kichwani. "Binti, wasalimie vizuri, halafu waulize masika wanapita wapi."

Nikawasalimia, nikawauliza. Wakanionyesha. Njia waliyokuwa wanapita ni ya kiangazi, imenyooka kukata bonde. Ya masika ilikuwa mbali kule, inazunguka kwa kufuata vichuguu, maana mchwa hajengi mahali panapojaa maji. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta njia mbili kila ninapokanyaga. Ukizipata, ujue katikati yake ndipo maji yanapolala, hata kama leo unatembea hapo kwa viatu vya harusi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, vijana. Vingine nilivyosoma vilinisaidia kupanda daraja.

Siku nyingine alinionyesha barabara ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi wa pembe walipotoka Ujiji kuja hapa na kuendelea pwani. Nje kidogo ya mji kuna mahali inajipinda kama upinde bila sababu unayoweza kuiona kiangazi. Nilisema labda walipotea. Kapaya akanitazama kwa huruma. "Mtu ana frasila mbili za pembe begani, ametembea miezi, halafu azunguke kwa kupenda? Amezunguka maji, binti."

Sasa ndani ya upinde huo huo, miaka mingi baada ya Kapaya kustaafu, ilikuja kampuni kujenga kiwanda cha kutibu nguzo za umeme. Jina lake silitaji, wala la ofisi yoyote, maana nia yangu si kuchongea mtu.

Kiwanda cha namna hiyo ni kitu rahisi kukieleza. Unachukua nguzo za mikaratusi, unazifungia kwenye tangi refu la chuma, unazisukumia dawa yenye sumu kwa nguvu mpaka iingie ndani ya mti, mchwa wasizile. Kisha unazitoa zikiwa zimelowa, za kijani, unazilaza uwanjani zikauke. Jedwali la wakati ule lilisema tangi la kemikali ni la taifa, na uwanja wa kuhifadhia nguzo ni wa halmashauri. Kampuni ilikuwa na mshauri mwelekezi, kijana mwerevu kupita kiasi, akaona kuliko kuandika maombi makubwa ya mradi mmoja, aandike madogo mawili. Faili la tangi likaenda makao makuu. Faili la uwanja likaja mezani kwangu. Kutoka tangi hadi uwanja palikuwa na hatua kama kumi, na ndani ya hatua hizo kumi nguzo zingekuwa zinachuruzika dawa. Hatua kumi hizo hazikuwamo kwenye faili la mtu yeyote.

Mashauriano na wananchi nayo yalifanyika, msidhani hayakufanyika. Mshauri mwelekezi alifika kijijini siku ambayo watu wamekusanyika kwa bwana mifugo kuchanjiwa kuku dhidi ya kideri. Akaona hadhira imejikusanya yenyewe, ya nini kuitisha nyingine? Akasimama akasema maneno machache kuhusu maendeleo, kisha akapitisha daftari la mahudhurio. Watu wakatia sahihi huku wameshika kuku kwapani, wakijua ni orodha ya chanjo. Mama mmoja akauliza kama kuku atapoteza hamu ya kula. Kwenye ripoti nilikuta imeandikwa: "Wananchi waliunga mkono mradi na kuuliza maswali kuhusu afya." Nilicheka, nikamwonyesha karani wangu, naye akacheka. Tukaiweka kwenye faili.

Mama aliyeuliza swali la kuku ni Mama Kulwa. Mkumbukeni. Ana pacha, Kulwa na Doto, watu wazima, na wakati ule alikuwa anaishi na wake zao na wajukuu pembeni mwa mbuga ile. Alikuwa na mpunga wake pale, na kisima kifupi alichochimbiwa na marehemu mumewe, ndicho kilichokuwa kinanywesha ukoo mzima. Wao ndio walioniita Bibi Mazingira, kwa kufuata bibi shamba na bwana mifugo.

Mwezi wa tisa ukaja ujumbe kutoka makao makuu kukagua eneo la tangi. Magari matatu meupe. Kiongozi wao tulimwita Dokta, bwana mpole, mwenye viatu vya ngozi vinavyong'aa. Alishuka, akapiga mguu chini kwenye ule udongo uliokauka, akasema, "Imara kabisa hii." Wenzake wakaandika. Wakapiga picha, wakapima na vyombo, wakauliza umbali wa hospitali, umbali wa reli, umbali wa umeme. Hakuna aliyeuliza masika watu wanapita wapi.

Nikasogea. "Dokta, hapa masika ni maji matupu. Tazama barabara ya zamani inavyojipinda kule. Na hizi njia za miguu ziko mbili."

Akatabasamu, tabasamu la kumpa mtoto pipi. "Mama, hoja nzuri sana hiyo. Lakini maji na kemikali viko upande wetu. Wewe uko kwenye uwanja, sivyo?"

Wale vijana wake wakaangalia chini wakicheka chini kwa chini. Nami, mtu mzima, mama wa watoto wanne, nikanuna.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana kosa hili hamtalikuta kwenye mwongozo. Nilirudi ofisini nimevimba. Nikajisemea, haya, si wamesema ni yao? Wayanywe. Nikafungua faili langu la uwanja. Fomu ilikuwa na swali: je, shughuli itatumia kemikali? Nikaandika hapana. Kemikali ni za kwenye tangi, na tangi ni la taifa. Swali la pili: je, eneo lina historia ya kujaa maji? Nikaandika, "Suala hili linashughulikiwa na ngazi ya taifa." Nikatia sahihi, nikagonga muhuri, na kwa kuwa nilikuwa na hasira niligonga kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikaruka.

Baadaye sana nilikuja kuiona ripoti yao. Kwenye mafuriko waliandika hivi: "Suala hili linafuatiliwa na halmashauri, ambayo mtaalamu wake alishiriki ziara."

Basi ndivyo maji ya mbuga nzima yalivyopotea katikati ya sentensi mbili. Nyinyi mtasema mfumo ulikuwa mbovu. Ulikuwa mbovu kweli, umejaa wavivu wenye tai. Lakini mimi nilikuwa najua. Dokta hakujua, alitoka mjini asubuhi na jioni alikuwa anawahi ndege. Mimi nilifundishwa na Kapaya, nilikuwa nimesimama nikiziona njia zote mbili, nikaenda kuandika hapana kwa sababu nilidharauliwa mbele ya watu.

Masika ya kwanza kiwanda kilikuwa bado kinajengwa. Ya pili kikawa kinafanya kazi. Mbuga ikajaa kama inavyojaa siku zote, maji yakapita chini ya nguzo zilizolazwa uwanjani, yakachukua kilichodondoka, yakaelekea kwenye mpunga na kwenye kisima.

Mama Kulwa alifika ofisini kwangu asubuhi moja, amelowa, ndoo kichwani imefunikwa na sinia. Hakubisha hodi.

"Mwangaluka, Bibi Mazingira."

"Mwangaluka, Mama Kulwa. Karibu, kaa."

"Sikai." Akatua ndoo juu ya meza yangu, juu ya mafaili. "Hii leo siku ya tatu naibeba. Wa maji kasema kisima changu hakina namba, hakitambui. Wa kanda kasema tangi lina cheti, limekaguliwa. Kwa mkoa wamenionyesha karatasi ina sahihi yangu, eti nilikubali. Mimi nilitia sahihi ya kuku! Bata wangu wamekufa, wakamwana wanaogopa kupika uji wa watoto. Sasa niambie wewe, haya maji ni ya nani?"

Nikafunua sinia. Maji yalikuwa na rangi ya kijani iliyofifia, na harufu ya dukani kwa muuza rangi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafungua mdomo, nikaanza, "Mama Kulwa, unajua, kwa mujibu wa mgawanyo wa majukumu kati ya ngazi ya taifa na..."

"Una kikombe?" akaniuliza.

"Ninacho."

"Chota, unywe. Ukishakunywa ndiyo uendelee kunielezea huo mgawanyo."

Sikuchota. Akanisubiri kidogo, halafu akatoka, ndoo akaiacha.

Nilikaa na ile ndoo. Karani aliingia, akaiona, akatoka. Kwa miaka yote nilikuwa na wimbo mmoja: mimi sina mamlaka, mamlaka yako juu. Niliuimba kwa wananchi, kwa mume wangu, hata msikitini niliwahi kuuimba kwa akina mama wenzangu waliokuwa wananilalamikia dampo. Siku ile, kwa kukosa pa kuangalia isipokuwa mezani, nikavuta faili la uwanja lililokuwa chini ya ndoo, limeloa pembeni. Nikasoma kibali nilichokitoa mwenyewe. Sharti la saba lilisema halmashauri inaweza kusitisha matumizi ya uwanja wakati wowote ikibaini madhara. Sharti hilo nililiandika mimi. Nilikuwa nalinakili kutoka kibali hadi kibali bila kulisoma, kama mtu anavyoandika salamu za mwanzo wa barua.

Nikafikiri kidogo. Nguzo ikitoka kwenye tangi lazima ilazwe mahali. Bila uwanja haina pa kulala. Tangi zima la taifa, na cheti chake chenye nembo, lilikuwa linategemea kale kauwanja kangu ka kijani.

Barua haikujaa nusu ukurasa. Kabla ya saa nane mchana uwanja ulikuwa umefungwa, mgambo wawili mlangoni, na tangi limesimama na shehena ya nguzo tumboni halina la kufanya.

Dokta alinipigia simu akihema. "Mama, umeingilia mradi wa taifa!"

"Sijagusa tangi lako, Dokta. Nimefunga uwanja wangu."

Akaanza kunitajia vifungu. Nikamsikiliza mpaka akachoka, kisha nikamwambia aje, safari hii aje na viatu vya mpira. Alikuja. Alishuka kwenye gari, maji yakamfika juu ya vifundo, akasimama pale akitazama upinde wa barabara ya misafara ulivyokaa mkavu pembeni, na nyumba zote za watu juu ya mkunjo, na kiwanda peke yake ndani ya maji. Hakusema imara. Majibu ya maabara yalipotoka kampuni ikahamishia kila kitu mlimani, kwa faili moja safari hii, na Dokta akapewa barua ya pongezi kwa kuchukua hatua za haraka. Mimi nilipewa nakala, kwa taarifa.

Niliisimulia habari hii kwa miaka. Pale Mtendeni nikienda sokoni watu walikuwa wananiambia, "Bibi, ile ya uwanja wangu!" nasi tunacheka. Nilikuwa naisimulia kuanzia kwenye simu ya Dokta. Zile fomu sikuwa nazitaja. Wala sikuwa nasema kwamba nusu ukurasa ule ningeweza kuuandika mwezi wa tisa, udongo ukiwa bado mkavu, kabla tone moja halijadondoka. Nilikuwa na mamlaka ile ile, kalamu ile ile. Nilikuwa nimenuna tu.

Siku hizi mna vyombo vya kuruka vyenye kamera. Kijana mmoja alinionyesha picha, nikastaajabu, zile njia mbili za miguu zinaonekana kutoka juu wazi kama mistari ya kiganja. Nikamuuliza hii ya pili inayozunguka ni ya nini. Akasema labda watu wanapenda kupitia kwenye vivuli. Nikamwambia amuulize mwenye ndoo. Akasema hilo si sehemu ya kazi ya ngazi yake, kuna mtaalamu wa jamii kutoka kanda. Nilitamani kumtwanga na kile chombo chake.

Sasa nirudi kwa yule wa shati la bluu. Nilipostaafu nilikwenda kumsalimia Mama Kulwa. Nilibeba sukari na kitenge, nikijua nitapokewa kama shujaa. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanichinjia kuku. Tukiwa tumekaa nikatazama mbugani kwa mazoea, nikaziona zile njia mbili zimeota nyasi. Pembeni palikuwa na ya tatu, nyeupe, imechimbika, inapanda upande wa pili wa barabara ya zamani na kupotea kwenye miti.

"Mama Kulwa, siku hizi masika mnapita wapi?"

"Ile." Akanyoosha kidole kwenye ya tatu. "Masika ile, kiangazi ile. Kisima si mlitwambia tukifukie? Tukakifukia. Wakamwana wanachota kule ng'ambo ya msitu. Wenyewe wanaiita Njia ya Bibi Mazingira."

Nikacheka. Nilidhani ni sifa. Nikamuuliza kwa nini, nikisubiri kusifiwa.

Aliingia ndani, akatoka na ndoo mbili, moja akanipa mimi. "Twende basi, uione."

Kwenda ilikuwa rahisi, ndoo ilikuwa tupu. Kurudi, vijana wangu, nilitua mara nne. Shingo ilinikataa, magoti yakanikataa, maji yakanimwagikia kifuani. Wakamwana walitupita na watoto mgongoni, wakanisalimia shikamoo, wakaendelea. Ilikuwa safari yao ya kwanza siku ile, na wangerudi tena jioni. Mama Kulwa, ambaye amenizidi umri, hakutua hata mara moja. Kila nilipotua alisimama mbele yangu na ndoo yake kichwani, akanisubiri mpaka nikajitwika tena.

Ndiyo maana uliponipongeza, mwanangu, sikupiga makofi.